Uvimbe Umepungua, Je, Umepona?

Akina mama wengi tunaijua ultrasaundi kwa jambo moja tu, nalo ni mimba. Tunapakwa ule ute wa baridi tumboni, mtaalamu anapitisha kifaa chake, na kwenye kioo tunaoneshwa moyo wa mtoto unavyodunda. Wapo wanaoomba kuambiwa kama ni wa kike au wa kiume, na wapo wanaokataa wasije wakaharibu furaha. Kisha tunarudi nyumbani na kile kipande cha picha, tunakihifadhi ndani ya kadi ya kliniki.

Ndiyo maana mama anayetibiwa saratani, au kansa kama wengi tunavyozoea kuiita, hushangaa anapoambiwa na daktari, "Mama, kabla ya dozi ijayo kapige ultrasaundi tena." Hujiuliza: tena ya nini? Si walishauona huo uvimbe? Si walishakata kinyama wakajua ni nini? Mwingine huamini kwamba anatafutiwa pesa tu.

Sisi wauguzi tunaojitolea katika huduma ya kutembelea wagonjwa kanisani hapa Madale tumeyasikia maswali hayo mara nyingi, Madale kwenyewe na kwa majirani zetu wa Mivumoni, Goba na Tegeta. Tumeona pia mambo mawili yanayoumiza moyo. La kwanza ni mama anayeacha dawa katikati kwa sababu uvimbe haushikiki tena, naye anaamini amepona. La pili ni mama anayeacha dawa kwa sababu uvimbe bado anaushika, naye anaamini dawa imeshindwa. Wote wawili wamehukumu kwa kidole, na kidole hakioni ndani. Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya kipimo hiki, ili tusaidiane kumaliza safari ya matibabu tuliyoianza.

SAUTI ISIYOSIKIKA

Tuanze na namna mashine hii inavyofanya kazi, maana kitu ukikijua hukiogopi.

Popo huruka usiku bila kugonga miti. Hutoa sauti nyembamba sana, sauti hiyo ikigonga kitu hurudi kama mwangwi, naye kwa kusikiliza mwangwi hujua mti uko wapi na una ukubwa gani. Ultrasaundi hufanya vivyo hivyo. Sikio la binadamu husikia sauti yenye mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde. Kifaa anachokishika mtaalamu mkononi hutoa sauti yenye mitetemo ya mamilioni kwa sekunde. Sauti hiyo hupenya katika nyama ya mwili kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde. Ikikutana na mpaka wa kitu kingine, kama vile uvimbe, mfuko wa maji au mshipa, sehemu yake hurudi. Mwangwi kutoka kina cha sentimita 3 hurudi kwa muda wa kiasi cha sehemu moja ya 25,000 ya sekunde. Mashine hupiga hesabu ya muda huo na kuchora picha.

Ute tunaopakwa si dawa. Kazi yake ni kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, kwa kuwa sauti hii haipiti vizuri kwenye hewa. Wala mashine hii haitumii mionzi kama eksirei. Kwa hiyo mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo wote wanaweza kupimwa, na kupimwa tena na tena bila madhara ya mionzi. Hiyo ni sababu moja inayowafanya madaktari waitumie kufuatilia matibabu yanayochukua miezi mingi. Sababu ya pili ni kwamba mashine hizi zinapatikana katika hospitali nyingi, na gharama yake ni ndogo kuliko ya picha za CT au MRI.

MASHINE ILIYOANZIA KIWANDANI

Wengi hudhani ultrasaundi ilibuniwa kwa ajili ya wajawazito. Sivyo. Katika wodi za wanawake, kazi yake ya kwanza kabisa ilikuwa ni uvimbe.

Mwaka 1955 daktari wa akina mama mjini Glasgow, huko Scotland, aitwaye Ian Donald, alisikia kwamba kiwanda kimoja cha matangi ya mvuke kina mashine ya sauti ya kutafuta nyufa ndani ya chuma. Alijaza magari mawili vivimbe vilivyotolewa kwa upasuaji, vile vya kwenye mji wa mimba na mifuko ya maji ya kwenye kokwa za mayai, akaenda navyo kiwandani. Wenyeji wake walimpatia na kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe kiwe cha kulinganishia. Aligundua kwamba uvimbe mgumu na mfuko wa maji havirudishi mwangwi wa namna moja.

Katika siku hizo za mwanzo aliitwa kumwona mama mmoja ambaye ilisemekana ana saratani ya tumbo isiyoweza kupasuliwa, na aliyekuwa akingoja kufa. Mashine ilionesha mfuko mkubwa wa maji, si uvimbe mgumu. Mama yule alipasuliwa, mfuko ukatolewa, naye akapona. Mwaka 1958 Dkt. Donald na wenzake waliandika habari za kazi yao katika jarida la madaktari la Lancet.

Mwaka huohuo wa 1958, hapa kwetu Afrika Mashariki, daktari mwingine aliandika juu ya uvimbe. Huyo ni Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeeleza saratani inayovimbisha taya za watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakipita na Tanganyika, wakiuliza kila hospitali kama imewaona watoto wa namna ile. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Kampala na Nairobi waliona jambo la ajabu: uvimbe ule uliyeyuka kwa dawa, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Lakini walipimaje maendeleo ya dawa? Kwa macho, kwa vidole, kwa picha za kamera na kwa eksirei. Uvimbe wa taya uliweza kuonekana. Ule uliojificha tumboni ulikuwa mgumu kufuatilia. Leo mashine ya Glasgow huwasaidia wagonjwa wa aina ya wale wa Kampala.

KIPIMO CHA KWANZA NDICHO MSINGI

Hapa Tanzania matibabu ya saratani tunayafahamu zaidi kwa jina la Ocean Road, lile jengo la kale lililojengwa na Wajerumani katika miaka ya 1890 pale ufukweni, jirani na Ikulu, ambalo mwaka 1996 lilifanywa taasisi ya saratani kwa sheria. Siku hizi wapo pia wagonjwa wanaotibiwa Muhimbili, Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi. Lakini safari ya mama wa Madale kwa kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya au Mwananyamala, ndipo apelekwe mbele.

Kabla ya dozi ya kwanza daktari hutaka kujua uvimbe una ukubwa gani. Mtaalamu wa ultrasaundi huupima urefu, upana na kina kwa milimita. Huangalia uko upande gani, una umbali gani kutoka kwenye chuchu kama ni wa titi, mipaka yake ikoje, na kama tezi za kwapani zimevimba. Huandika yote hayo kwenye ripoti.

Kipimo hiki cha kwanza ndicho msingi wa nyumba. Bila hicho, vipimo vinavyofuata havina cha kulinganishwa nacho. Tumewahi kushika ripoti ya kituo kimoja cha mtaani iliyoandikwa tu kwamba "kuna uvimbe kwenye titi la kushoto", basi, bila milimita hata moja. Mgonjwa yule alilazimika kulipa upya na kupimwa tena. Kwa hiyo, mama mwenzetu, unapopewa ripoti, itazame kabla hujatoka mlangoni. Kama hakuna vipimo, uliza kwa upole: "Samahani daktari, uvimbe huu una milimita ngapi?" Kuuliza si utovu wa adabu.

Tukumbuke pia kwamba ultrasaundi peke yake haithibitishi saratani. Huonesha uvimbe na kutia shaka au kuondoa shaka. Uthibitisho hupatikana kwa kuchukua kinyama na kukipeleka maabara. Hapo pia ultrasaundi husaidia, maana daktari huiona sindano ikiingia kwenye uvimbe wenyewe.

SARATANI YA TITI: DAWA KABLA YA KISU

Katika nchi yetu wanawake wengi wenye saratani ya titi hufika hospitali wakati ugonjwa umeshafika hatua ya tatu au ya nne. Uvimbe ni mkubwa, pengine umeshika ngozi au tezi za kwapani. Kwa wengi wao daktari hawezi kuanza na upasuaji. Huanza na dawa za dripu, zile tunazoziita kemo, ili kuupunguza uvimbe kwanza. Dozi nyingi hutolewa kila baada ya siku 21, na idadi yake mara nyingi huwa kati ya 4 na 8. Hiyo ni miezi kadhaa ya kupoteza nywele, kutapika, kuchoka na kupanda daladala.

Je, ni busara kusubiri miezi yote hiyo ndipo tujue kama dawa ilifanya kazi? Hapana. Ndiyo maana, baada ya dozi mbili, tatu au nne, mgonjwa huambiwa akapige ultrasaundi ya katikati. Majibu yake huweza kuwa ya namna tatu.

Kwanza, uvimbe umepungua. Dawa inafanya kazi, na mama anatiwa moyo aendelee.

Pili, uvimbe uko vilevile. Daktari huangalia mambo mengine. Mashine zenye uwezo wa kupima mwendo wa damu zinaweza kuonesha kwamba damu inayolisha uvimbe imepungua, au kwamba ndani yake nyama imeanza kufa, ingawa ukubwa haujabadilika. (Akina mama wengi huogopa wanapoona rangi nyekundu na bluu kwenye kioo. Rangi hizo huonesha tu kama damu inakuja kuelekea kifaa au inakwenda mbali nacho. Nyekundu si alama ya hatari.)

Tatu, uvimbe umekua. Hii ni habari nzito, lakini ni heri kuijua baada ya dozi mbili kuliko baada ya nane. Daktari anaweza kubadilisha dawa, au kuwahisha upasuaji au mionzi. Mama aliyekwepa kipimo cha katikati huendelea kumeza sumu isiyomsaidia, huku ugonjwa ukisonga mbele.

Akina mama mnaonyonyesha, neno moja kwenu. Uvimbe kwenye titi wakati wa kunyonyesha mara nyingi huambiwa ni maziwa yaliyoganda, na mara nyingi ni kweli. Lakini usipoondoka baada ya wiki mbili hivi, usiendelee kukanda kwa maji ya moto tu. Nenda ukapigwe ultrasaundi. Kwa mama anayenyonyesha na kwa mwanamke kijana, hicho ndicho kipimo cha picha kinachotangulia, na wala hakimzuii mtoto kunyonya siku hiyohiyo.

HESABU YA DONGE LA UNGA

Ripoti zikisema uvimbe umetoka milimita 40 hadi milimita 20, wengi husema, "Kumbe umepungua nusu tu." Twendeni jikoni tukaone.

Chukua donge la unga wa chapati lenye upana wa sentimita 4. Likate vipande vinane vilivyo sawa, kisha viringa kila kipande. Ukipima, kila kidonge kitakuwa na upana wa sentimita 2. Yaani upana ukipungua nusu, kilichobaki si nusu ya donge, bali ni sehemu moja tu katika nane! Vivyo hivyo uvimbe uliotoka milimita 50 hadi 35 umepungua upana kwa asilimia 30, lakini ujazo wake umepungua kwa karibu theluthi mbili. Wahenga walisema bandubandu huisha gogo. Mama anayeambiwa "umepungua kidogo" anaweza kuwa amepata ushindi mkubwa kuliko anavyodhani.

Wataalamu wa dunia wana kipimo walichokubaliana mwaka 2000 na kukirekebisha mwaka 2009. Kwa kifupi, wakijumlisha urefu wa vivimbe wanavyovifuatilia, wakaona umepungua kwa asilimia 30 au zaidi, husema dawa imeitikiwa kwa sehemu. Ukiongezeka kwa asilimia 20 au zaidi, na ongezeko likifika angalau milimita 5, husema ugonjwa unaendelea. Kati ya hapo, husema ugonjwa umetulia. Mkisikia maneno hayo kwa daktari, mjue maana yake. "Umetulia" si tusi, wala si kushindwa.

SHINGO YA KIZAZI: MACHO KWENYE FIGO

Saratani inayowapata wanawake wengi zaidi Tanzania ni ile ya shingo ya kizazi. Kwa makadirio ya shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, mwaka 2020 wanawake zaidi ya 10,000 wa nchi yetu walipata ugonjwa huo, na zaidi ya 6,000 walifariki kwa ajili yake. Wengi hutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa.

Mgonjwa wa namna hii hushangaa anapoona mtaalamu anampima mgongoni na ubavuni, wakati ugonjwa uko chini. Sababu ni hii. Mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo hupita karibu sana na shingo ya kizazi. Uvimbe ukiibana, mkojo hurudi nyuma na figo huvimba, pengine bila maumivu yoyote. Ultrasaundi huonesha uvimbe huo wa figo kwa dakika chache. Tena dawa iitwayo sisplatini, inayotolewa mara nyingi pamoja na mionzi, inaweza kuumiza figo. Kwa hiyo daktari anataka kujua hali ya figo kabla ya kuitoa na wakati wa kuendelea nayo. Matibabu yakienda vizuri na uvimbe ukipungua, figo zilizokuwa zimevimba huweza kulegea. Nayo ni dalili njema inayoonekana kwenye picha.

Na tusisahau mabinti zetu. Chanjo ya kuzuia saratani hii ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzazi usimzuie mtoto wako.

MTOTO ANAPOOGESHWA

Mama ndiye daktari wa kwanza wa mtoto. Saratani ya figo ya watoto, ambayo huwapata zaidi walio chini ya miaka mitano, mara nyingi hugunduliwa na mama anapomwogesha mtoto au kumvisha nguo. Anahisi kitu kigumu upande mmoja wa tumbo. Mtoto anacheza, anakula, pengine hana homa. Majirani husema ni bandama, au ni minyoo, au apelekwe akachanjwe chale. Tusifanye hivyo, na wala tusiruhusu kila ndugu aje aubonyeze. Apelekwe hospitali, apigwe ultrasaundi.

Kwa utaratibu uliotungwa Ulaya na unaotumika pia katika nchi nyingi za Afrika, mtoto mwenye ugonjwa huu ambao haujasambaa hupewa dawa kwa wiki 4 kwanza. Uvimbe hupimwa upya, na ndipo hupasuliwa. Ukiwa umesambaa, dawa hutolewa kwa wiki 6. Uvimbe uliopungua hutolewa kwa urahisi zaidi, na hatari ya kupasuka mikononi mwa daktari huwa ndogo.

Ile saratani aliyoieleza Dkt. Burkitt nayo huingia tumboni, kwenye figo na hata kwenye kokwa za mayai za wasichana. Hukua upesi mno. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja hadi mbili. Lakini huitikia dawa upesi vilevile, na mabadiliko huonekana kwenye picha ndani ya siku chache. Hapo ndipo wazazi hudanganyika. Taya limerudi, tumbo limelala, mtoto anadai chakula, na baba anasema turudi nyumbani, shamba linaharibika. Wapendwa, mtoto aliyekatishwa dawa wakati huo hurudi akiwa na ugonjwa mgumu kuliko wa kwanza. Watoto wenye saratani hutibiwa Muhimbili, na shirika la Tumaini la Maisha hushirikiana na hospitali hiyo kuwahudumia.

UVIMBE UMETOWEKA, JE, TUMALIZE?

Sasa tufike kwenye swali letu. Mama mmoja tuliyekuwa tukimtembelea alikuwa na uvimbe wa titi wa milimita 46. Baada ya dozi ya tatu hakuushika tena kwa vidole. Alishuhudia katika kikundi cha akina mama, tukaimba pamoja naye. Wiki iliyofuata akatuambia kwamba nauli na fedha za dozi ya nne ameamua kuzilipa ada ya mtoto, kwa kuwa ameshapona. Mumewe naye aliafiki. Hatukubishana na ushuhuda wake. Tulimwomba jambo moja tu: aende apige ile ultrasaundi aliyoandikiwa. Ripoti ilisema milimita 14.

Milimita 14 ndani ya titi laini inaweza kuponyoka kidole. Lakini uvimbe wa ukubwa huo una chembe za saratani mamia ya mamilioni. Alirudi akaendelea na dozi, na baadaye akafanyiwa upasuaji.

Na kama ripoti ingesema hakuna kinachoonekana? Bado tungemwomba aendelee. Uvimbe wenye upana wa milimita moja tu unaweza kuwa na malaki ya chembe, na ultrasaundi inaweza isiuone, au ikaudhania kuwa kovu. Ndiyo maana baada ya kemo daktari bado hupasua hata pale picha inapokuwa safi, ili mahali uvimbe ulipokuwa pachunguzwe maabara. Kwa sababu hiyo wengine huwekewa alama ndogo ya chuma ndani ya titi kabla dawa hazijauyeyusha uvimbe, daktari asije akapoteza mahali.

Kumshukuru Mungu kwa uvimbe kupungua ni jambo jema, nasi tunashukuru pamoja na kila anayepata nafuu. Lakini shukrani na dozi havigombani. Anayemaliza dozi hajapunguza imani yake.

MASHINE NAYO INA MIPAKA

Tuseme kweli yote. Ultrasaundi haioni vizuri mahali penye hewa, kama mapafu na utumbo uliojaa gesi, wala haipenyi mfupa. Kwa hiyo daktari anayetaka kujua kama ugonjwa umefika mapafuni, kwenye mifupa au kichwani ataagiza eksirei au CT au kipimo kingine. Usidhani anakuzungusha.

Tena matokeo yake hutegemea sana mkono wa anayepima. Watu wawili wakipima uvimbe mmoja siku moja wanaweza kutofautiana kwa milimita chache. Ndiyo maana katika utafiti wa dawa mpya wataalamu hutegemea zaidi picha za CT. Kwetu sisi maana yake ni hii: uvimbe ukitoka milimita 31 hadi 33, usipoteze usingizi wala usigombane na daktari. Na ukitoka 33 hadi 31, usichinje kuku bado. Daktari hutazama mwelekeo wa vipimo kadhaa, pamoja na mikono yake, afya yako kwa jumla na vipimo vya maabara.

MAMBO YA KUZINGATIA

Tumekusanya haya kutokana na yale tunayowaambia wagonjwa wetu kila mara:

1. Weka ripoti na picha zote katika bahasha moja, zikifuatana kwa tarehe. Bahasha hiyo iende nawe kila mara. Mtaalamu akiiona ripoti ya zamani atapima mahali palepale na kwa namna ileile.

2. Ikiwezekana, pima hospitali ileile, na kama inawezekana kwa mtaalamu yuleyule.

3. Uliza mapema namna ya kujiandaa. Kipimo cha ini na sehemu ya juu ya tumbo mara nyingi hutaka usile kwa saa 6 hadi 8. Kipimo cha nyonga kinachofanywa kupitia tumboni hutaka kibofu kijae, basi kunywa maji usikojoe. Kipimo cha titi hakina masharti ya chakula. Kama una kisukari, sema kabla hujafunga.

4. Vaa blauzi na sketi au kanga, si gauni la kuvua lote. Una haki ya kufunikwa sehemu isiyopimwa, na unaweza kuomba muuguzi wa kike awepo.

5. Muulize daktari maswali matatu: Uvimbe ulikuwa milimita ngapi, sasa ni ngapi, na hatua inayofuata ni ipi? Andika majibu, au mwende wawili ili mmoja akumbuke.

6. Kama fedha zimekwama, usikae nyumbani kimya. Hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda ukaeleze hali yako kabla ya siku ya dozi, si baada ya kuikosa.

KAZI ILIYO MIKONONI MWETU

Kutoka Madale hadi Ocean Road si karibu. Ni daladala hadi Tegeta au Mwenge, kisha nyingine hadi Posta, kisha bajaji au miguu, na mgonjwa ametoka nyumbani kabla ya jua. Akifika anakaa kwenye foleni, na jioni anarudi akitapika ndani ya gari. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kuna kipimo kingine, si ajabu akisema yatosha.

Hapo ndipo vikundi vyetu vya akina mama vina kazi. Tumezoea kuchangia msiba upesi sana: turubai linafika, sufuria zinafika, mchele unafika siku ileile. Fedha tunazochangia siku moja ya msiba zingeweza kulipa ultrasaundi na nauli za mgonjwa kwa miezi. Tuanze kuchangia mapema. Mmoja abaki na watoto, mwingine amsindikize mgonjwa, mwingine apike, mwingine amkumbushe tarehe. Nanyi waume zetu, bahasha ile ya ripoti si siri ya wanawake. Mkae nayo mezani, muisome pamoja.

Na kama wewe unayesoma una uvimbe unaouficha chini ya kanga, mficha maradhi kilio humfichua. Nenda wiki hii. Na wewe uliyeanza dawa ukaacha kwa kuwa uvimbe haushikiki, rudi. Hakuna atakayekugombeza kwa kurudi. Chukua bahasha yako, mwambie jirani akusindikize, na uvimbe wako upimwe tena kwa milimita.